Daraja moja, njia mbili: kabla hatujafungua kisanduku

(Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja wa shirika letu, aliyefanya kazi ya reli zamani, kwenye mkutano wa wanachama hapa Uvira, mwezi wa sita 2024. Tumeyaandika kama alivyosema, tumepunguza marudio tu.)

Mutaniruhusu nikae, mgongo huu si ule wa 1996. Na Kiswahili changu mutakivumilia: nusu ya Kalundu, nusu ya kambi ya Lugufu, na Kifaransa cha reli katikati.

Komite imeniomba niongee juu ya daraja. Munajua kwa nini. Tangu mwezi wa tatu kisanduku chetu kimepokea maombi ya mkopo kumi na moja, na tisa kati ya hayo ni ya kununua parseli upande wa Kavimvira na kuelekea Kiliba. Sababu zilizoandikwa zinafanana kama watoto wa mama mmoja: reli inakuja, daraja litajengwa, treni na magari zitapita pamoja juu ya Ruzizi, anayenunua leo atauza kesho mara tano. Makomisyoneri wanatembea na picha kwenye simu. Picha nzuri kabisa: treni nyeupe, magari pembeni yake, maji ya buluu chini. Mimi niliiangalia sana ile picha. Maji yale si ya Ruzizi. Tangu nizaliwe sijaona Ruzizi ya buluu hata siku moja, ni rangi ya chai ya maziwa.

Sikuja kucheka mtu. Habari yenyewe iko na mizizi. Mwezi wa saba 2021 marais wetu wawili, wa Congo na wa Burundi, walikutana Kinshasa, wakapatana juu ya reli ya kutoka Gitega, ipite Bujumbura, ipite hapa Uvira, ifike Kindu. Mwezi wa kwanza 2022 Tanzania na Burundi wakatia sahihi ya kipande chao, kutoka Uvinza kwenda Musongati na Gitega. Sisi tuliokaa Kigoma tunaijua Uvinza, ile ya chumvi. Na mwezi wa kumi na mbili 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakubali zaidi ya dola milioni 690 kwa kipande hicho cha Tanzania na Burundi. Kwa hiyo si porojo ya kwenye baa.

Lakini musikie vizuri pesa hizo ni za wapi. Ni za upande wa Uvinza na Burundi. Kutoka Bujumbura kuja kwetu kuna karatasi. Mimi natembea Kavimvira kila wiki na sijaona kigingi hata kimoja.

Sasa ile habari ya daraja moja lenye njia mbili. Wengi hapa munafikiri ni kitu kipya cha Wachina. Kumbe Congo yetu iko nalo tangu zamani, na mimi nimepita juu yake sijui mara ngapi. Liko Kongolo, juu ya Lualaba. Wabelgiji walilimaliza 1939, reli na barabara pamoja. Na mutashangaa: ni maji yetu yale. Ruzizi inaingia ziwani hapa, ziwa linatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inamwaga katika Lualaba pale Kabalo, na kutoka Kabalo maji yanashuka hadi Kongolo. Maji ambayo mama zetu wanafulia hapa leo, kuna siku yatapita chini ya lile daraja.

Nilifanya kazi kwenye reli ile tangu 1979 hadi 1991. Tulikuwa tunatoka Kalemie kwenda Kabalo, na mara nyingi mbele zaidi, Kongolo. Daraja la njia mbili, kwa macho ya mtu wa reli, ni hivi. Kuna namna tatu za kulijenga. Ya kwanza: treni chini, magari juu, kama nyumba ya ngazi mbili. Japani walifungua moja kubwa mwaka 1988, linaitwa Seto Ohashi. Ya pili: reli upande huu, barabara upande ule, na ukuta katikati. Ya tatu ndiyo ya maskini: chuma cha reli kiko katikati ya barabara yenyewe, na kila mtu angoje zamu yake. Ya tatu ni rahisi kwa pesa, ni ghali kwa muda. Treni ikiwa inakuja, barieri inafungwa, kamyo zinasimama, wauzaji wa karanga wanafurahi. Treni inapita polepole, mtu anaweza kutembea nayo sambamba. Halafu barieri inafunguliwa.

Ndiyo nadharia. Siku moja, ilikuwa msimu wa mvua, treni yetu iliingia darajani na katikati kulikuwa na mtu wa baiskeli. Alikuwa amebeba bidoni nne za mafuta ya mawese, zile za njano. Alianza kuvuka akiamini atamaliza kabla yetu. Baiskeli yenye lita 80 haikimbii. Niliona kwa macho yangu anavyoiegemeza kwenye chuma, akakumbatia nguzo, akafumba macho. Tulipita. Yeye alibaki mzima, bidoni mbili zilipasuka, na mafuta yakatiririka Lualaba. Alilia kwa ajili ya mafuta, wandugu, si kwa ajili ya kifo. Mafuta yale yalikuwa ya mkopo.

Nimemfikiria mtu yule sana wiki hii, nikisoma maombi yenu.

Ngoja nirudi ku mstari. Kwa nini daraja la treni ni kazi kubwa kuliko la gari? Fuso iliyojaa ni tani kumi na kitu, labda ishirini. Kichwa cha treni peke yake kinaweza kupita tani 80, na nyuma yake kuna mabehewa. Tena treni haifungi breki kama moto. Ikifunga breki juu ya daraja inalisukuma daraja lote kwenda mbele, kwa hiyo nguzo lazima ziwe na mizizi. Na treni haijui kupanda. Ukiweka mlima wa mita mbili kwa kila mita mia, treni ya mizigo inaanza kulia. Gari unaweza kulipandisha ghafla juu ya daraja refu kisha ukalishusha. Treni unaianzishia mbali, kwa tuta la udongo linalopanda kidogo kidogo, kilomita na kilomita. Hilo tuta mulikumbuke, nitarudi kwake, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi kuliko daraja lenyewe.

Kwa kuwa ni kazi kubwa hivyo, pesa za njia mbili mara nyingi haziji siku moja. Maji yetu yakitoka Kongolo yanaendelea Kisangani, Kinshasa, hadi Matadi. Pale kuna daraja kubwa la kuning'inia kwa nyaya, mita 722, na katikati ya minara miwili ni mita 520. Lilijengwa na Wajapani kwa mkopo wao, tangu 1979 hadi 1983, wakati wa Mobutu, na jina lake lilikuwa daraja la Maréchal. Lilipangwa kubeba barabara na reli, ili treni iende hadi Banana, kwenye bahari. Nafasi ya treni ilifikiriwa na nguzo zilipimwa kwa uzito wake. Reli haikuja. Miaka 41 magari yanapita, na treni haijapita hata moja. Waliokuwa na parseli kwenye njia ile ya reli kwenda Banana, mimi ningependa kuongea na watoto wao.

Kuna aliyeniambia nje pale: mzee, wewe unaleta mikosi tu. Haya, na tuseme mfano mwingine. Ureno, mjini Lisbon, walifungua daraja la magari juu ya mto Tejo mwaka 1966. Nalo lilifikiriwa tangu mwanzo kwamba siku moja litabeba treni. Wakangoja. Mwaka 1999 waliweka reli chini ya barabara, na leo watu wa ng'ambo wanaingia mjini kazini kwa treni asubuhi, magari yakiwa juu ya vichwa vyao. Inawezekana kabisa. Ilichukua miaka 33, katika nchi isiyokuwa na shida zetu. Mkopo wa kisanduku chetu unarudishwa kwa miezi kumi na nane.

Na hata Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana kwa macho, wako na mpango wa daraja la mita 1,575, barabara na reli pamoja, wenye bei ya kupita na kituo kimoja cha ukaguzi kwa kila upande. Makubaliano yalitiwa sahihi mwezi wa kumi na moja 2018. Leo bado watu wanavuka kwa boti.

Baba yangu angecheka. Yeye alikuwa mtu wa reli ya Kivu, ile waliyoiita CEFAKI. Vijana wengine hawaamini kwamba Uvira ilikuwa na treni. Ilikuwa nayo! Ilitoka bandarini Kalundu ikapanda bonde lote la Ruzizi hadi Kamanyola. Ilitakiwa kwenda Bukavu, lakini baada ya Kamanyola kuna milima, na mlima hauna huruma na treni. Mizigo ilishuka pale ikaendelea kwa kamyo. Ilipofika 1958 waliifunga, mimi nikiwa mtoto wa mwaka mmoja mgongoni mwa mama. Chuma kiliondoka. Baba alibaki na kofia.

Nasema hivyo kwa sababu hata siku daraja la Ruzizi litakapojengwa, ndiyo kazi nyepesi. Nyuma yetu kuna Itombwe, kuna vilele vinavyopita mita 3,000, na ziwa liko chini ya mita 800. Kufika Kindu lazima mtu avuke huo ukuta. Tena reli mpya ya Tanzania ni ya upana wa milimita 1,435, na ile ya Kindu ni ya 1,067. Treni moja haiwezi kutembea juu ya zote mbili. Mizigo itashushwa na kupandishwa. Pengine hapo ndipo Uvira itakula mkate, kwenye kushusha na kupandisha, kama zamani Kalundu. Hilo mimi ninalitamani kwa moyo wote. Lakini hakuna anayejua uwanja huo wa kushushia utakuwa wapi, na komisyoneri anajua kidogo kuliko sisi.

Kijana mmoja aliuliza kwenye kikundi chetu cha simu: je, haiwezi kuwa treni ya mjini? Kama ile ya Dar es Salaam iliyoanza 2012, watu wakaiita treni ya Mwakyembe? Swali zuri. Bujumbura na hapa ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Asubuhi mama anatoka Mulongwe na ndagala, saa nne ameuza ng'ambo, saa nane anarudi na sabuni na vitenge. Treni ya mjini ingekuwa baraka. Lakini treni ya mjini inakula muda mfupi na inapita mara nyingi. Ukiishusha watu wote Kavimvira waonyeshe jetoni, uwapandishe, uwashushe tena Gatumba, hiyo imekuwa foleni yenye magurudumu. Na mpaka unafungwa jioni. Mwaka 2020 wakati wa corona ulifungwa kabisa, mukumbuke njaa tuliyoiona. Kwa hiyo wanaotaka treni ya mjini waanze kuomba mpaka ulale usiku wazi, hilo halihitaji saruji.

Sasa lile tuta.

Uwanda wa Ruzizi ni mchanga na matope ambayo mto wenyewe umeyaleta. Mto pale haukai mahali pamoja. Karibu na ziwa unagawanyika, kuna Ruzizi kubwa na Ruzizi ndogo, na lile daraja munalopita mukienda Bujumbura liko ng'ambo, baada ya Gatumba. Mwezi wa nne 2020 mto uliingia Gatumba na watu elfu nyingi wakahama, na wengi hadi leo hawajarudi. Na ziwa nalo: wazee wanakumbuka lilivyopanda mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka huu mumeona wenyewe. Nani hapa hana ndugu aliyehamisha kitanda? Maji yako ndani ya nyumba upande wa Kalundu, yako ndani ya nyumba Kavimvira, kwenye barabara mtu anapita kwa mtumbwi.

Katika uwanda kama huo reli haiwezi kulala chini. Lazima iinuliwe, na tuta la reli ni ukuta. Maji yanayoshuka kutoka milimani kutafuta ziwa yatakuta ukuta. Mainjinia wakiacha midomo mingi na mipana chini ya tuta, maji yatapita. Wakiacha michache, kwa sababu kila mdomo ni pesa, basi upande wa juu wa tuta kutakuwa na ziwa la pili. Na parseli wanazouza makomisyoneri, nilikwenda na ndugu wawili wa komite kuziangalia, nyingi ziko upande wa juu wa barabara, mahali ambapo hilo ziwa la pili lingelala. Yaani mtu anakopa kununua mahali ambapo, mradi ukija vibaya, atazama, na mradi usipokuja, atakuwa na shamba la vyura.

Mimi nalijua jambo hili kwa ngozi yangu. Niliporudi 2007, kwa meli kutoka Kigoma, nilikuwa na mabati niliyopewa na pesa kidogo. Parseli ya bei nafuu ilikuwa kando ya mto Mulongwe. Kuna mtu aliniambia: mto huu umelala, tena barabara itapanuliwa, utauza vizuri. Nilijenga. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 ya mwezi wa nne 2020 mvua ilinyesha milimani, mto ukaleta mawe makubwa kama mbuzi, kama ng'ombe, na miti mizima na mizizi yake. Maji yalipokosa nafasi kwenye njia yake yalikuja kwetu. Tulitoka kwa dirisha. Mke wangu alibeba mjukuu, mimi nilibeba kofia ya baba, sijui kwa nini, mikono ilichukua yenyewe. Asubuhi nyumba ilikuwa imejaa mawe hadi kwenye madirisha. Jirani zetu wa kushoto hatukuwaona tena. Kisanduku hiki hiki ndicho kilichonilipia miezi minne ya kupanga. Pesa zile zilikuwepo kwa sababu wakati ule hatukuzifunga kwenye parseli ya mtu.

Kuna kitu kimoja ambacho shirika linaweza kufanya bila franka nyingi. Siku wapimaji watakapofika, na kwa sheria za hizi benki kubwa lazima waje kusikiliza watu kabla ya kujenga, sisi tuwe na karatasi tayari. Mimi nimeandika vitu viwili tu, mutaongeza. Kwanza, midomo ya maji: wazee waonyeshe kwa mkono mahali maji yalipofika 2020 na mwaka huu, na sisi tupake alama kwenye kuta sasa hivi kabla hazijafutika. Vijana wa kartiye wanaweza kuanza jumamosi ya salongo. Pili, watu wa miguu. Katika picha ile ya komisyoneri niliona treni, niliona magari, sikuona mama hata mmoja mwenye beseni. Hakuna nafasi yake. Wala ya baiskeli. Na tuhesabu wanaopita Kavimvira saa moja ya asubuhi: wenye gari ni wachache, wenye miguu ni sisi. Tuombe njia yao peke yao, yenye ukuta kati yao na reli, upana wa beseni mbili zikipishana. Mtu wa mafuta wa Kongolo angenielewa.

Yale maombi kumi na moja yako kwa mama mweka hazina. Nimeyasoma yote. Mawili ni ya biashara ya sokoni, moja la mashine ya kusaga na moja la ndagala, na kwa hayo mkono wangu utapanda. Kwa tisa ya parseli mkono wangu utabaki chini, pamoja na lile la mtoto wa dada yangu, ambaye amekaa pale nyuma na ameacha kuniangalia tangu nianze kuongea. Mjomba wako anakupenda. Njoo nyumbani kesho, tutakwenda pamoja kuiona ile parseli, tuvae bottes.

Mama mweka hazina, nafasi ni yako.